Mtu Unayemwona Akinunua Chumvi

9 Februari

Mdogo wangu Kijiti,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Hatujambo, ila ni hatujambo ya mdomoni. Mimi mgongo, Shangazi magoti, Baba ndiyo hivyo unavyojua. Humu ndani asiyelalamika ni paka peke yake, naye ndiye asiyefanya kazi yoyote.

Utauliza kwa nini naandika na simu ipo. Simu nimeikinai. Baba akisikia sauti yako anataka kuzungumza nawe, anafungua mdomo, maneno yanakwama, anaanza kulia. Wewe huko unasema, "Haya Baba, sawa Baba, nitapiga tena." Ukishakata, anayebaki kumfuta machozi ni mimi. Kwa hiyo tuandikiane.

Tangu kiharusi kile, upande wake wa kulia bado umelala. Mkono uliokuwa ukishika skrubu za saa za kike, zile ndogo kama chawa, leo hauwezi kushika kijiko. Wanaosema mgonjwa haulizwi uji hawajawahi kumlisha baba yetu. Huyu anaulizwa, anabembelezwa, anaimbiwa, na bado anafumba mdomo. Asubuhi Shangazi anakaa naye nami nakimbilia karakana ya kushona sare. Mchana narudi mbio kumpokea, nalisha, nageuza, nabadilisha shuka, kisha narudi tena kwenye cherehani nikiwa nanuka dawa. Bosi ananitazama tu.

Shangazi naye juzi kanigombeza. Alikuwa amesahau mtandio wake, akaufuata jioni, akasikia bomba la jikoni linamwaga maji ovyo na hakuna hata ndoo chini yake. Nikamwambia bomba ni bovu, halifungi. Akasema nyumba iliyozaa mafundi inakosaje mtu wa kufunga bomba.

Sasa neno lenyewe. Binti yake Shangazi anatarajia kujifungua, na katikati ya Julai Shangazi anahamia kwake kulea mjukuu. Simlaumu, ni haki yake. Lakini akiondoka, asubuhi hakutakuwa na mtu wa kukaa na Baba. Bosi amekwisha sema wazi: nikiinuka kwenye ile cherehani, kuna wanaoingoja mlangoni. Na cherehani ile, Kijiti, ndiyo kitu pekee changu nilichobaki nacho. Nakuomba uje. Hata miezi michache. Mpangilio mwingine tutautafuta ukiwa hapa.

Nisikuchoshe. Kila nikikaribia kupandisha sauti najiuliza kama tulivyofundishwa, mtu wangu angefanya nini? Namwona Mkunga wetu wa mtaa wa pili, jinsi alivyokuwa akiingia kwenye nyumba za watu na kikapu chake, hana haraka, hana kelele. Basi nashusha sauti. Mpaka sasa inashuka.

Dada yako

6 Machi

Dada,

Shikamoo. Nisamehe kuchelewa, huku kazi zimetupanda kichwani. Majengo mapya mawili, lifti zote za zamani zimetiwa rangi zikaitwa mpya. Nashinda ndani ya mashimo yake nimening'inia kama nguo kwenye kamba. Jioni nikirudi kwangu napanda ngazi mpaka ghorofa ya juu kabisa, kwa sababu lifti ya jengo ninaloishi mimi fundi wa lifti ni mbovu. Mganga hajigangi. Majirani wananicheka kila siku nami nimeshazoea.

Nimefurahi kusikia Baba anaendelea. Umenikumbusha ile siku yangu kwenye kibanda cha saa. Nimemaliza shule ya msingi, nimevaa viatu vya kuazima, Baba anavua ile lenzi yake ya jichoni na kuniuliza kama mtu mzima, "Mtu wako ni nani?" Tena si mtu wa redioni, si mkubwa wa nchi. Awe mtu unayeweza kumwona akinunua chumvi, maana wa mbali hujui akiwa na njaa anakuwaje. Na mwenyewe asijue kwamba umemchagua, maana akijua ataanza kuigiza. Ukikwama maishani, jiulize yeye angefanya nini. Sijui watu wengine wanalelewaje, lakini mimi mpaka leo sijui njia nyingine ya kuamua jambo.

Kuhusu Shangazi, usigombane naye. Unajua mtu wangu ni Refa, yule aliyekuwa akichezesha mechi za mtaani kwetu. Refa hakuwa na upande. Watu walimtukana, walimrushia maganda, yeye anatembea tu na filimbi yake. Nami kati yako na Shangazi siwezi kushika upande. Wote ni wangu.

Kuhusu kuja, nipe muda. Meneja ameniita, anataka kunifanya msimamizi wa mafundi wote. Ni jambo kubwa, Dada. Nikishaingia kwenye cheo hicho nitakuwa na sauti ya kuomba ruhusa.

Hilo bomba lisikusumbue. Ni mpira wa ndani umekufa, kitu kidogo sana. Nikija nitaubadilisha kabla sijavua viatu.

Kijiti wako

15 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi bado tupo. Baba amekohoa wiki nzima, sasa kikohozi kimepungua. Paka amezaa, kwa hiyo tumeongezeka walalamikaji.

Hongera ya cheo kama umekipata. Lakini hebu nikuambie kitu kuhusu huyo Refa wako. Refa hachezi, Kijiti. Refa anapuliza filimbi, mechi ikiisha anavaa shati lake anakwenda nyumbani kulala. Wachezaji ndio wanaobaki wanachechemea. Mimi sikukuomba uamue kati yangu na Shangazi. Nilikuomba uingie uwanjani.

Juma hili nimekutana na Mkunga. Nilikuwa kliniki kuchukua dawa za Baba, nikamwona kwenye benchi, amekuwa mdogo, amejikunja, amepakata kile kikapu chake kikiwa kitupu. Nikamwamkia, akaniuliza habari za nyumbani, nami sijui shetani gani alinipitia, nikamweleza yote. Tena nikamwambia kwamba miaka yote hii ninapotaka kupiga kelele namfikiria yeye. Nimevunja sharti la Baba, najua.

Alicheka mpaka akashika mbavu. Akasema, "Mwanangu, upole wangu wote nilikuwa naumalizia kwenye nyumba za watu. Kwangu nilikuwa narusha sahani. Wanangu amewalea mdogo wangu, na mama yangu aliuguzwa na mdogo wangu. Bila yule msichana mngenijua vingine." Halafu wakamwita dirishani, akaenda.

Nimerudi nyumbani nimechoka mara mbili. Yaani muda wote nimekuwa nikimwiga mtu mwenye mdogo wake nyuma yake, na mimi wangu yuko ghorofani ananing'inia kwenye kamba. Simlaumu Mkunga. Nimempenda zaidi, ukitaka kujua. Lakini sasa nikikwama sina wa kumuuliza.

Julai haiko mbali. Nijibu swali nililokuuliza, si lile ulilotaka wewe.

Dada yako

20 Aprili

Dada,

Shikamoo. Natumaini Baba amepona kikohozi. Wape paka salamu.

Nimekipokea cheo. Nina funguo za majengo yote sasa, mfuko wa suruali umetoboka kwa uzito. Meneja amesema mwaka huu asitokee mtu kuomba likizo, kazi ni nyingi, na msimamizi ndiye wa kuonyesha mfano. Sikuweza kumkatalia, ndiyo kwanza amenikabidhi kazi.

Tuvumilie mpaka mwisho wa mwaka. Wewe una moyo mkubwa kuliko sisi sote, na hilo nalijua tangu utoto. Pengine jirani mmoja anaweza kukaa na Baba asubuhi?

Nasinzia na kalamu mkononi. Nitaandika vizuri zaidi.

Kijiti

2 Mei

Kijiti,

Baba hajambo. Shangazi hajambo. Mimi sitaki kusema nikoje, maana naandika nikiwa na hasira na hasira haina adabu.

Barua yako niliisoma nikiwa namlisha Baba. Nilipofika pale kwenye moyo mkubwa, nikaiweka kwenye trei, nikamwambia Baba, "Haya, mwanao ndiyo hivyo. Yeye na Refa wake!"

Baba akacheka. Unanisikia? Tangu aanguke hajacheka, na siku hiyo alicheka kwa nusu ya mdomo, uji ukamtoka puani. Akatikisa kichwa. Akasema, "Si Refa." Maneno mawili, mazima kabisa, kama zamani. Nikamwuliza, "Si Refa vipi? Huyo si ndiye mtu wake?" Akaninyang'anya kijiko kwa ule mkono wa kushoto, akanielekezea. Mimi nikageuka nyuma kutazama anamwonyesha nani. Nyuma yangu kuna ukuta.

Kwa hiyo ni mimi. Miaka yote unatuimbia Refa, Refa, kumbe ulimdanganya kila mtu isipokuwa Baba.

Sikiliza nikwambie. Kama ulidhani nitafurahi, hapana. Nimekaa kwenye kiti cha jikoni nikahisi nimetwishwa gunia jingine juu ya lile nililonalo. Ndiyo maana unaniambia nina moyo mkubwa. Ndiyo maana kila nikikuomba msaada unanipa sifa. Sifa hazibadilishi shuka, Kijiti! Mtu ukimweka juu sana hivyo hata akianguka utasema anashuka kwa heshima.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mimi nimechoka. Nalisema kwa mara ya kwanza, nimechoka mpaka kope zinauma. Nikichomeka uzi sioni tundu la sindano. Wiki iliyopita nilishona mikono ya kushoto kwenye mashati ya watoto, pande zote mbili, dazeni nzima. Bosi akafumua mwenyewe, hakusema kitu, na afadhali angesema.

Chagua mtu mwingine. Mimi najiuzulu.

Na kama bado unataka kujua mtu wako angefanya nini, nakuambia bure. Angekuwa ameshafika.

Dada

11 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako nimekaa nayo muda mrefu kwenye mfuko wa kazi, imeshika grisi. Niliogopa kuijibu. Nilikuwa naianza, naichana, naondoka kwenda kuhangaika na lifti za watu.

Ni kweli, ni wewe. Refa nilimsema kwa sababu wenzangu shuleni wangenicheka. Wiki ile tulipomzika Mama ulichukua sketi yako ya shule ukaikata, ukanishonea kaptula ya kuanzia darasa la kwanza. Sikujua maana yake. Nilijua tu kwamba nina kaptula mpya na wewe asubuhi huendi tena shule. Halafu nikakuona dukani unanunua chumvi, mwenye duka anakuuliza kama unataka kitu kingine, nawe unasema, "Tunacho," na nyumbani hatuna hata kimoja. Miaka baadaye Baba aliponiuliza, sikuhitaji kufikiri.

Ila nimekufuata vibaya. Kila nilipotaka kuomba likizo nilijiuliza, Dada angefanya nini? Jibu lilikuwa hilo hilo: Dada angefunga mdomo akafanya kazi. Nami nikafunga mdomo nikafanya kazi. Siku nyingine nilitoka kwenye shimo la lifti nimechoka hoi, nikajisifu kwamba leo nimekuwa kama yeye. Ujinga gani huo! Nilikuwa najivunia kuchoka kama wewe, badala ya kuja kukupokea.

Jana nimeingia kwa meneja. Nimemwambia baba yangu mgonjwa na dada yangu amechoka. Akauliza nataka likizo mpaka lini. Nikasema sijui. Akasema basi cheo kitakwenda kwa mwingine. Nikasema kiende. Nikamrudishia lile rundo la funguo, na mfuko nitaushona mwenyewe, usihangaike. Lifti hata huko kwenu zinaharibika, nitatafuta vibarua vya jioni ukiwa umetoka kazini.

Nafika kabla Shangazi hajaondoka. Uliwahi kuniambia karakana hufungwa kidogo sare zikishakwenda mashuleni. Basi ikifungwa, wewe unapanda basi unakuja kwangu. Chumba ni chako. Hakuna wa kulisha, hakuna wa kugeuza. Lala.

Kijiti

17 Julai

Dada,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama na ngazi hazikukutoa roho. Shangazi alisafiri jana, amelia, amenipa maagizo ambayo ningehitaji kuyarekodi. Paka wote wazima.

Nataka nikuandikie kwamba huku ni shwari, ulale. Lakini nimeapa kutokukudanganya tena.

Dada, hii kazi uliifanyaje? Leo Baba amekataa uji asubuhi, mchana amekataa supu. Nimembembeleza, nimemwimbia zile nyimbo zako, akafumba mdomo. Nikampasha supu tena. Akalipiga bakuli kwa mkono wa kushoto, supu yote kifuani kwangu, ya moto. Nami nikampigia kelele. Nimempigia kelele baba yangu, kwa sauti ambayo sijawahi kumpigia hata kibarua. Akageuza uso ukutani na mpaka sasa hajanitazama.

Nikaenda jikoni nijifiche. Sikujua nifanye nini na mikono yangu, nikaona afadhali nitengeneze lile bomba, nilikuwa nimekuja na mpira mpya kwenye begi. Nimefunga maji, nimelifungua lote, nimeweka vipande juu ya gazeti. Mpira wake ni mzima kabisa. Nimelirudisha, nimelifunga kwa vidole viwili tu, halitoi hata tone. Bomba hili halijawahi kuwa bovu, Dada. Sasa Shangazi alisikia nini jioni ile?

Nimekwama. Najua umejiuzulu, lakini sina mwingine wa kumuuliza. Mtu wangu angefanya nini?

Kijiti

24 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimefika salama. Lifti yako bado mbovu, majirani zako wameniuliza kama mimi ndiye dada wa fundi, nikakana. Nimelala. Naamka, nakunywa chai, nalala tena mchana kweupe kama mtoto. Jana nimeshuka dukani kununua chumvi, maana kwako hakuna hata chembe, sijui unaishi vipi. Mwenye duka akaniuliza kama nataka kitu kingine. Nikasimama pale nikafikiri. Nikanunua biskuti, nikazila zote njiani peke yangu.

Baba atakutazama. Hasira yake haiwezi kusimama muda mrefu, haikujaliwa miguu. Mpe uji usiwe moto, kaa upande wake wa kushoto, na usimwimbie. Nyimbo zangu hazipendi, alikuwa ananivumilia.

Bomba ni zima. Lilikuwa zima siku zote.

Unauliza mtu wako angefanya nini. Angempigia kelele Baba? Nilimpigia, Kijiti, zaidi ya mara moja. Kisha nilikwenda jikoni, nikafungua maji yote ili asinisikie, nikalia mpaka basi. Nikanawa uso, nikafunga bomba, nikarudi na kijiko. Hicho ndicho alichosikia Shangazi. Wewe ukaniambia mpira umekufa, nami nikaona afadhali ufe mpira.

Lakini hilo usiniige. Bomba liache limefungwa. Kaa pale pale kitandani kwake, ulie akuone. Yeye naye analia kila siku mbele yetu, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulia naye.

Dada yako